Mama Cadette Anatuachia Ukurasa Mmoja Wazi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, siku tatu kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi, Mama Cadette Kishimba atastaafu rasmi baada ya kulitumikia shirika letu, Isabi Programu ya Nchelenge, kwa miaka ishirini na minne na miezi miwili. Alianza kama mwendesha jenereta. Anaondoka akiwa Mkuu wa Uendeshaji wa Mitambo, mwalimu wa kila mtu humu ndani, na binadamu pekee ambaye mbwa wa mlinzi wetu humtikisia mkia.

Mkurugenzi wetu, Ba Lloyd, aliagiza wasifu huu uandikwe na mfanyakazi aliyekaa na Mama Cadette muda mrefu kuliko wengine. Mfanyakazi huyo ni Bwana Hugues Mwelwa, mwandishi mkuu wa programu, ambaye kwa heshima ya shughuli hii atajiita "mwandishi" na basi. Wasifu utasomwa kwa sauti siku ya sherehe, mbele ya wafanyakazi wote na wageni waalikwa, wakiwemo wanawake arobaini wauza samaki kutoka Puta. Mwandishi aliomba kazi hii apewe mtu mwingine. Hakusikilizwa, basi na tuendelee.

Mama Cadette alivuka kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1999, wakati wa vita, akiwa na watoto wawili na cherehani. Septemba 2001 alikuja kuuza mihogo kwenye ofisi ya mashine ya barafu, ambako wanaume watano walikuwa wanahangaika na jenereta iliyokataa kuwaka tangu asubuhi. Mmoja alisema ni plagi, mwingine alisema ni uchawi. Mama Cadette aliweka beseni lake chini, akauliza kama kuna mtu aliyeangalia mafuta. Mafuta hayakuwemo. Aliajiriwa siku hiyo hiyo, na mihogo ikanunuliwa yote.

Ofisi hiyo ya barafu ndiyo iliyozaa Isabi Programu. Kwanza ilikuwa redio ya kuita mashua, kisha kompyuta moja, na ilipofika 2012 Ba Lloyd akaigeuza kuwa shirika la programu. Kazi yetu inajulikana kutoka Kashikishi hadi Chienge: tunatuma ujumbe wa simu kwa wavuvi na wauza samaki kuwaambia kama barafu ipo, mashua zinafika saa ngapi na upepo ukoje ziwani. Tangu 2018 tunatunza pia orodha za ugawaji wa mbegu kule Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Katika mabadiliko yote hayo, aliyekuwa anahakikisha mitambo inapumua ni Mama Cadette.

Mwandishi aliletwa kutoka Lubumbashi mwaka 2014, akiwa na shahada na viatu vya ngozi. Alikuta vyumba viwili. Cha mbele, chenye feni, kilikuwa cha waandishi wa programu. Cha nyuma, chenye seva, betri na joto, kilikuwa cha Mama Cadette na mafundi wake. Katikati palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa unafungwa. Wa mbele tuliandika kwa miezi sita, tukapitisha kazi yetu mlangoni kwenye diski, tukarudi kwenye feni. Ikiharibika tulisema wa nyuma hawajui kazi. Wa nyuma walisema wa mbele hawalijui ziwa, na wauza samaki walisema maneno ambayo hayafai kwenye sherehe.

Mwaka 2016 shirika lilimpeleka mwandishi Lusaka kwa wiki mbili kujifunza DevOps, yaani namna ya kuwafanya wanaoandika programu na wanaoiendesha wawe timu moja, inayotoa kazi ndogo ndogo mara kwa mara na kuibeba pamoja ikianguka. Alirudi na cheti, akakitia kwenye fremu, akaandaa mhadhara wa slaidi sitini na nne. Kwenye slaidi ya ishirini mlinzi alikuwa amelala, na Ba Lloyd alikuwa njiani kumfuata. Mwishoni Mama Cadette aliinua mkono. "Papa Hugues, merci sana, ile mambo yote iko muzuri," alisema. "Sasa ule mulango, tunautosha lini?"

Watu walicheka, wakidhani kuuondoa mlango ni mzaha. Jumatatu iliyofuata alikuja na bisibisi, akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya madebe manne katikati ya vyumba viwili, ukawa meza. Waandishi wa programu na mafundi wakaketi kuuzunguka. Feni nayo ilihamishwa. Kitasa bado kipo mpaka leo, na kila mgeni hukigonga kwa goti anapokaribishwa.

Mwandishi aliona wivu, na lisemwe hivyo hivyo. Yeye alitumia wiki mbili na slaidi sitini na nne, mwenzake akatumia bisibisi. Baadaye wageni walikuja kutoka Lusaka kuandika habari za mabadiliko yetu, wakampiga picha Mama Cadette kando ya meza ile, na picha ikatundikwa ukutani. Mwandishi naye yumo pichani. Ukitazama vizuri upande wa kushoto, kile ni kiwiko chake.

Kutoka kwenye meza hiyo Mama Cadette alibadilisha kila kitu, taratibu, bila kutaja jina la utaalamu wowote. Aliandika kwenye ubao wa boksi hatua zote za kuachia toleo jipya la programu. Zilikuwa arobaini na moja, na ya thelathini ilisema "Omba Mungu". Kila wiki alimpa mtu mmoja hatua tatu, aifundishe mashine izifanye yenyewe. Mwandishi alipinga kwamba kazi hiyo itachukua mwaka. Ilichukua miezi minne. Zamani tulitoa matoleo mawili kwa mwaka, tena kwa hofu. Sasa yanatoka mpaka matatu kwa siku, na majaribio humalizika yenyewe kabla chai haijapoa. Alipoulizwa kwa nini anapenda mabadiliko madogo hivyo, alisema, "Vuka na kapu moja moja. Kapu ikianguka, unajua ni gani."

Kanuni yake ya pili inajulikana na kila anayefanya kazi hapa: "Mwenye alipika, aonje wa kwanza. Na aonjee kwa mugeni." Maana yake ni kwamba anayebadilisha programu hachungulii matokeo akiwa mezani. Anachukua simu ndogo ya vitufe, anakwenda ufukweni, anasimama kati ya wauza samaki na kuusubiri ujumbe kama wao. Tumesimama Kashikishi, tumesimama Chienge, tumesimama Puta ambako mtandao huja na kuondoka upendavyo. Viatu vya ngozi vya mwandishi viliishia huko.

Kisha kuna ile simu. Ni simu nyeusi iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na namba yake ndiyo inayopigwa mfumo ukianguka. Kwa miaka mingi aliibeba Mama Cadette peke yake. Baada ya mlango kuwa meza, alitaka kila mtu aibebe wiki moja kwa zamu, waandishi wa programu wakiwemo. Wa mbele tuligoma. Yeye hakubishana na mtu, alimpa Ba Lloyd wiki ya kwanza. Mkurugenzi akiwa amepigiwa mara kumi na saba na watu wa mashua, mgomo wetu ukakosa nguvu.

Mwandishi, siri yake, aliitaka simu ile kuliko cheo. Alitaka iwe yake kama ilivyokuwa ya Mama Cadette, watu wapige wakijua wanampigia yeye. Lakini kila zamu yake ilipofika, akipokea tu na kujitaja, sauti ya upande wa pili ilisema, "Bon, unipe Mama Cadette." Hata kama kosa lilikuwa kwenye programu aliyoiandika yeye kwa mkono wake, na hata kama Mama Cadette mwenyewe angegeuka kumuuliza yeye, walimtaka Mama Cadette.

Na sasa tufike kwenye Daftari la Alhamisi, maana hapo ndipo ilipo kazi yake kubwa. Kila Alhamisi saa nne tunakaa mezani na sinia la vitumbua vya moto, na makosa ya wiki yanaandikwa. Kila kosa lina ukurasa wake na maswali manne: nini kilitokea, tulijuaje, tumebadilisha nini, na nani amejifunza. Hakuna swali la nani alikosa. La nne hujibiwa kwa sahihi ya mwenyewe, kwa hiari yake, na ni marufuku kumtaja mwenzako au kumsukuma. Anayetia sahihi hupigiwa makofi, na ndiye anayechukua kitumbua cha kwanza, kile cha juu kabisa. Wengine husubiri.

Wageni huona ni mchezo. Sisi tunajua. Ireen, binti wa Kashikishi, alikuwa na wiki sita tu kazini mwaka 2019 alipofuta orodha ya mbegu ya kata nzima ya Mantapala. Alitia sahihi, akala kitumbua chake akilia, na mwezi uliofuata akatengeneza utaratibu wa kuhifadhi nakala ambao umetuokoa mara nyingi. Vijana tisa wa Mantapala waliofundishwa kwenye meza ile wanafanya kazi nasi leo, na wote wana kurasa zao. Ireen peke yake ana sahihi ishirini na saba. Anasema ndiyo elimu yake.

Mwandishi wa wasifu huu ana sahihi sifuri. Kwa muda mrefu aliitaja idadi hiyo kwa fahari, akiwatazama vijana wakipigiwa makofi kwa kuharibu vitu. Aliwaonea wivu hao nao. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mwandishi hakukonda, kwa sababu vitumbua vya mwisho navyo vina mafuta.

Daftari lina kurasa 312 zilizoandikwa. Zote zina sahihi isipokuwa moja, ya 188, ya Machi 2021.

Habari yake ni hii. Ziwa lilikuwa limefunguliwa Jumatatu, na wiki ya kufungua ziwa ndiyo wiki yetu kubwa kuliko zote. Alhamisi Mama Cadette aliondoka kwenda msibani Chienge. Ijumaa fundi wa barafu alisema mashine itafungwa Jumamosi kwa matengenezo na kuwashwa tena Jumatatu, wauza samaki waarifiwe. Mwandishi aliona nafasi yake. Kwa siku nyingi zile jumbe za Mama Cadette zilikuwa zinamkera: "Barafu iko." "Barafu hakuna." Hakuna salamu wala tafadhali, na huku kwetu mtu hakupi habari kabla hajakujulia hali. Aliandika upya sehemu nzima ya kutuma ujumbe, iwe na adabu, iwe na lugha tatu. Ilikuwa kazi nzuri. Ilianza hivi: Mwapoleni mukwai ba mayo na ba tata, hamjambo wote na poleni na kazi, bonjour à toutes et à tous, Isabi Programu inawatakia heri, barafu tunayo kwa ajili yenu.

Hapo nafasi ya ujumbe mmoja ilikuwa imeisha. Yaliyobaki yalikwenda kama ujumbe wa pili: kuanzia Jumatatu, Jumamosi mashine imefungwa, msilete samaki.

Kwenye simu kubwa ya mwandishi, hapa ofisini, zote mbili zilifika zimeungana na kupendeza. Hakuchukua simu ya vitufe na hakwenda Puta kuonja. Aliachia toleo saa tisa alasiri, akafunga kompyuta, akatembea kifua mbele. Puta zilifika salamu na habari ya barafu. Ujumbe wa pili ulibaki njiani.

Jumamosi saa tatu asubuhi malori mawili yalisimama mbele ya ofisi. Walishuka wanawake arobaini na makapu ya samaki wabichi, wakiongozwa na Mama Vicky, ambaye sauti yake haihitaji redio. Walipoambiwa barafu hakuna, walionyesha simu zao. Wakati wamezishika hivyo, mtandao wa hapa ukaleta sehemu ya pili, na simu arobaini zikalia kwa pamoja mikononi mwao. Mwandishi alikuwa dirishani. Alisikia.

Mama Cadette alifika saa tano kwa lori la chumvi, bado na kitambaa cha msibani kichwani. Alisoma ujumbe kwenye simu ya Mama Vicky, akaujua mkono ulioandika. Hakuna mwingine hapa anayesalimia hivyo. Alipanda kwenye ngazi ya mlango. "Musitafute mutu," alisema kwa niaba ya ofisi. "Ni siye. Ni bureau yetu njo ilikosa." Mama Vicky akamjibu, "Samaki yetu inaoza, Cadette! Utaikula wewe?" Kisha wote wakaanza. Alitukanwa kwa Kibemba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, lugha zile zile tatu za salamu. Alisimama mpaka wakachoka. Halafu akavua kitambaa, akaomba kisu, akasema samaki wapasuliwe, watiwe chumvi na wakaushwe kwa moshi, na ofisi nzima itoke kusaidia. Tulipasua mpaka jua likashuka. Theluthi moja iliharibika na ikafukiwa.

Alhamisi aliandika ukurasa wa 188 mwenyewe. Alijibu maswali matatu, akaliacha la nne. Aliweka kalamu katikati ya meza, hakumtazama mtu. Mwandishi alijiambia kosa ni la mtandao. Alijiambia pia kwamba akitia sahihi, Mama Cadette atakuwa ameshinda tena. Siku hiyo hakuna aliyechukua kitumbua cha kwanza. Kilipoa pale juu, mbwa akapewa.

Wiki mbili baadaye wanawake wa Puta walirudi. Hawakuwa na hasira tena. Walimletea Mama Cadette samaki aina ya makobo waliokaushwa kwa moshi, kapu zima, kwa sababu alisimama akawasikiliza. Mwandishi aliwaona wakimkumbatia, na wivu ulimkaba kuliko wakati wa picha, kuliko wakati wa mlango. Matusi yale yalikuwa yake, akapewa mwenzake. Msamaha ule ulikuwa wake, nao ukaenda kwa mwenzake. Jioni Mama Cadette aligawa kapu nusu kwa nusu, akaacha nusu moja kwenye kiti cha mwandishi. Mwandishi alikula makobo hayo siku nne.

Tangu hapo imepita miaka minne na nusu. Salamu ziliondolewa kwenye ujumbe, majaribio ya urefu yakaongezwa, na kosa la namna hiyo halijarudi. Ukurasa umebaki wazi. Mwezi huu Ba Lloyd alimuuliza Mama Cadette simu nyeusi akabidhiwe nani, awe mkubwa wa zamu baada yake. Alijibu kwamba simu itakwenda kwa mtu ambaye watu wakimpigia anaweza kusema "ni mimi". Hakutaja jina. Alhamisi iliyopita alipita mezani kwa mwandishi, akaweka Daftari mbele yake. "Papa Hugues," alisema, "ya kukusaidia kukumbuka ile myaka yote." Kalamu ilikuwa ndani yake, na si lazima kusema ukurasa wa ngapi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwandishi amejificha nyuma ya neno "mwandishi" kwa kurasa kadhaa sasa, na anaona halitoshi kumfunika. Basi analiweka chini.

Ni mimi. Mimi Hugues ndiye niliyeandika salamu zile, nikaziachia Ijumaa bila kuzionja, kwa sababu nilitaka siku moja tu watu waseme kazi imekwenda vizuri na Cadette hayupo. Nimekuonea wivu miaka kumi na moja, Mama. Niliuonea wivu mlango, picha, simu, mpaka mbwa. Nilidhani unachukua sifa zangu, na muda wote ulikuwa umebeba lawama zangu. Asubuhi ya leo nimetia sahihi ukurasa wa 188.

Ba Lloyd, simu mpe Ireen. Amesema "ni mimi" mara ishirini na saba, mimi hii ndiyo ya kwanza. Zamu yangu ya wiki nitaichukua kama kila mtu.

Mama Vicky, na wenzako wote mliokaa hapa mkisikiliza: yale matusi ya Jumamosi ile yalikosea njia. Yalikuwa yangu. Nitakuwa nimesimama pale pale kwenye ngazi ya mlango baada ya sherehe, na sitaingia ndani mpaka mmemaliza, kwa lugha zote tatu.

Mama Cadette, kwa niaba ya Isabi Programu, asante kwa miaka ishirini na minne ya kutufundisha kusema ukweli tukiwa tumeshiba. Nenda kwenye shamba lako la Puta, mihogo ikuitikie, wajukuu wakuchoshe vizuri, na usiku usikie simu zikilia kwa wengine. Ila usiondoke kabla sinia halijaletwa. Leo ni Ijumaa, najua si siku yake, lakini nimeagiza vitumbua. Cha kwanza ni changu. Nitakigawa nusu kwa nusu, na nusu yako nitaiacha kwenye kiti chako.